Wale Waliopiga Magoti Pembeni

Jumatatu iliyopita nilifungua boksi la kalenda mpya katika stoo ya hospitali ninayofanyia kazi, na kabla sijatoa hata moja ikanibidi nikae kitako juu ya boksi jingine. Karatasi nzito inayong'aa, ikifungiwa muda mrefu, ina harufu yake: kidogo kama rangi ya ukuta, kidogo kama maziwa yaliyolala. Harufu hiyo najua ninakoijulia. Ni ya rafu ya chini kabisa ya maktaba ya mji wetu wa Amerika, Euless, ambako nilimsubiri mama kila siku baada ya shule, na ni ya kitabu kimoja kilichowekwa chini kwa sababu rafu nyingine zote zilikuwa fupi kwake.

Baba aliendesha basi dogo la kubeba abiria kati ya hoteli na uwanja wa ndege. Mama alikuwa msaidizi katika nyumba ya wazee, akiwaogesha na kuwalisha watu ambao, alikuwa akisema, kwetu wangezungukwa na wajukuu. Mliokulia kwenye fleti zile za karibu na uwanja mnakumbuka ndege zilivyopita juu ya paa, chini kiasi cha kusomeka maandishi ya tumboni, na jinsi watu wazima walivyonyamaza katikati ya neno kisha wakaendelea pale pale walipoachia. Mimi sikuweza kuendelea pale pale. Kila ndege ilipopita nilisahau nilichokuwa nikifanya, nikahama chumba, nikafungua friji bila njaa, nikarudi.

"Una upupu wewe?" Mama alikuwa akisema. "Hebu kaa."

Sababu moja ya kutokaa kwangu ilikuwa kitanda. Chumbani kwangu kulikuwa na kitanda cha ghorofa. Mimi nililala chini, na juu kulitandikwa shuka za dada yangu Zuwena, ambaye hakuwapo. Alinizidi miaka mitano. Tulipoondoka Unguja nikiwa na miaka sita, yeye alibaki kwa Bibi, mama yake mama. Kwanza, karatasi zake zilichelewa. Pili, kwetu si ajabu mtoto wa kwanza kulelewa na bibi yake, na akishalelewa si rahisi kumwendea bibi huyo na kumwambia basi, sasa turudishie. Wazazi wangu waliitwa Mama Zuwena na Baba Zuwena na kila mtu, asubuhi hadi jioni, hata na majirani wasiowahi kumwona Zuwena. Mimi niliyekuwapo, hakuna aliyeitwa kwa jina langu.

Mwaka niliotimiza miaka tisa karatasi zilikamilika. Viza ilitoka, na juu yake umegongwa muda wa mwisho wa kuitumia. Ilibaki ruhusa ya Bibi. Bibi hakukataa. Alisema tu kwenye simu, "Nileteeni picha, nione mjukuu wangu anakwenda kukaa na watu wa namna gani."

Mama aliweka simu chini akabaki ameshika ukingo wa meza. Alimjua mama yake. Picha hizo zingetazamwa kama posa inavyotazamwa, na zisipopendeza, Zuwena asingekuja na viza ingepita.

Sasa nirudi kwenye kitabu. Kilikuwa kitabu cha michoro ya Ulaya ya kale, ya zile karne za mwisho kabla ya dunia yao kufunguka. Kiingereza changu kilitosha kuombea ruhusa ya kwenda chooni, hakikutosha kusoma kitabu kama kile, kwa hiyo nilisoma michoro yenyewe. Mwanzoni mwa kitabu hapakuwa na anga. Nyuma ya watu kulikuwa na dhahabu tupu, nikadhani huko kwao jua lilikuwa limeunguza mawingu. Katikati alikaa mwanamke mmoja mkubwa amepakata mtoto, na chini yake mara nyingi palitandikwa zulia kama la sebuleni kwetu. Kwenye pindo la joho lake paliandikwa herufi za Kiarabu.

Herufi hizo zilininyima raha wiki nzima. Nilikuwa nimekwenda chuo cha Kurani Unguja, na Mama aliendelea kunisomesha msahafu nyumbani kila siku ya mapumziko yake. Niliweka kidole juu ya pindo nikaanza kuunganisha. Hazikuungana. Nilianza upande wa kulia, nikajaribu wa kushoto, nikageuza kitabu kichwa chini. Palikuwa na alifu, palikuwa na kitu kama lamu, kisha mkia usio wa herufi yoyote. Leo najua wachoraji wale walinakili tu mapambo ya vitambaa vya gharama vilivyotoka Mashariki, bila kujua kusoma hata herufi moja. Walichokuwa wakisema ni kwamba nguo hii imetoka mbali na si kila mtu anaimudu. Lakini nikiwa na miaka tisa nilikuwa na maelezo mamoja tu: nimesahau kusoma. Amerika imenifutia. Sikumwambia mtu.

Jambo la pili lilikuwa watu wadogo. Katika kona ya chini ya michoro mingi alikuwapo mtu mdogo amepiga magoti, ametazama upande, viganja vimekutana kifuani. Nilidhani ni mtoto wa nyumba ile, mpaka nilipoona ndevu. Nikawafuata ukurasa kwa ukurasa na kuwapima kwa penseli, kwa kuwa hata wakati huo jambo lisilopimwa lilinikera. Wa kwanza hakumfikia mwanamke mkubwa magotini. Alikuwa kama paka. Kurasa kadhaa mbele alikuwa kama mimi. Karibu na mwisho wa kitabu alikuwa sawa naye kabisa, uso wake una makunyanzi na chunjua, na mwanamke mkubwa hakuwa mkubwa tena. Nikahitimisha kwamba watu wa Ulaya walikuwa wakikua. Nilidhani walipata chakula kizuri zaidi.

Nilikipeleka kitabu kwa Mama Neema, jirani yetu wa chini, Mtanzania wa bara na Mkristo, aliyenitazama siku ambazo Mama alichelewa kazini. Alikuwa akinisuka. Alikitazama juu ya kichwa changu, chanuo kinywani.

"Huyu si mtoto," akasema. "Huyu ndiye mwenye hela."

"Mbona mdogo?"

"Mdogo mbele ya Mungu, mama. Ametoa hela mchoro uchorwe, kanisa lipendeze, ndiyo maana wamemweka pale chini. Ana shida yake, anaomba. Tulia, utakuja kunilaumu nywele zimekwenda upande."

"Na anapewa?"

"Nini?"

"Anachoomba."

"Asingepewa angeendelea kulipia michoro?" Akacheka mwenyewe, akanivuta kichwa. "Tulia, nimesema."

Alikuwa anatania. Mimi nililichukua kama kanuni. Anayepiga magoti kwenye kona ya picha ana haja, na haja hiyo hutimizwa. Niliirudia mpaka nikalala nayo.

Sikusomea sanaa mahali popote. Nilichonacho nimekipata kwa vitabu vya kuazima na daftari, jioni baada ya kazi, na ninapokosea huwa sina mwalimu wa kuniambia. Lakini hili nimelihakiki mara nyingi: kwa upande mmoja, penseli yangu haikunidanganya. Watu wale walikuwa wakikua kweli, ila si mwilini. Mwanzoni wenye kulipia michoro mikubwa walikuwa maaskofu na wafalme. Kisha miji ikanenepa. Wafanyabiashara wa sufu na vitambaa, wabadilisha fedha, wakopeshaji, hata vyama vya mafundi, wakawa na fedha ambazo baba zao hawakuwa nazo, na pamoja na fedha, hofu, kwa sababu dini yao ilikuwa imewaonya sana juu ya riba. Wakatoa sehemu ya faida kwa makanisa na wakataka waonekane wametoa. Tauni ilipopita ikifagia nusu za mitaa, waliobaki wakarithi, na kazi ya mikono ikapanda thamani. Mikataba ya zamani ya kuchorewa ilitaja zaidi uzito wa dhahabu na aina ya buluu. Ya baadaye ilianza kutaja mkono wa fundi: nyuso achore fundi mkuu mwenyewe, wala asimwachie mwanafunzi. Dhahabu ikapungua nyuma ya watu, pakatokea dirisha, na dirishani mashamba, barabara, mji wenyewe ulioleta fedha. Mtu mdogo akawa mkubwa, kisha akapewa ubao wake pembeni, na mwishowe akabaki peke yake bila mtakatifu hata mmoja, na joho lake la manyoya, zulia lake la Kituruki, machungwa yake mezani.

Michoro mingine inaonyesha familia nzima imepiga magoti kwa mstari, wana nyuma ya baba, mabinti nyuma ya mama, mkubwa mbele, mdogo nyuma. Waliokufa huwekewa alama ndogo ya msalaba juu ya kichwa. Kila mtoto yupo, hai na maiti. Sijapata kuona alama ya mtoto aliyekataa kupiga magoti, na nimeitafuta.

Picha zetu zilipigwa Jumapili alasiri. Baba alikuwa amenunua filamu mpya na ameiamrisha familia nzima kuoga. Akapiga kochi. Akapiga friji, mlango wazi, mlango umefungwa. Akapiga kitanda cha ghorofa na shuka za juu zimenyooshwa. Mama alimfuata nyuma akiondoa vitu: kopo la dawa ya mende, viatu, kalenda ya duka yenye mwanamke asiyejisitiri.

"Sasa gari," Baba akasema.

Hatukuwa na gari la maana. Tulikuwa na kitu cha kijivu chenye mlango mmoja wa rangi nyingine. Baba Neema, mume wa Mama Neema, alikuwa na gari jipya jekundu la damu ya mzee.

"Nime-park vizuri, jua linapiga ubavuni," Baba Neema alisema, akitoa leso na kufuta kioo kilichokuwa safi. "Ila msiegemee. Nimelipaka nta jana."

"Hatuegemei. Tunasimama karibu tu," Baba akajibu.

"Na Mama akiuliza la nani?" Mama yangu akasema kwa sauti ya chini.

"Nani anauliza picha?"

"Mama yangu anauliza."

"Basi ataambiwa la jirani. Kwani nimesema langu, Mama Zuwena? Nimesema nasimama."

Baba Neema akacheka hadi akashika boneti, kisha akaifuta pale alipoishika, akaondoka kwenda kanisani.

Mama hakupenda lami. Alisema tutaonekana kama watu wanaosubiri basi. Akapanda juu, akateremka na zulia la sebuleni begani, akalitandika mbele ya gari, tukasimama juu yake. Baba aliweka kamera juu ya kiti kilichopandishwa vitabu viwili vya simu. Alitazama ndani yake, akarudi kutusogeza, akaenda kutazama tena.

Nami nikauona mchoro. Chini zulia. Katikati Mama, katika buibui lake jipya, mpana na mtulivu. Nyuma yetu gari limewaka jua kama karatasi za dhahabu. Kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa mtu mmoja. Kona ya chini ilikuwa tupu.

"Kaeni hivyo hivyo!" Baba akapiga kelele. Taa nyekundu ya kamera ikaanza kupepesa na yeye akaja mbio, akasimama kando ya Mama, akainua kidevu. Nikachomoka, hatua tatu mbele kushoto, nikapiga magoti kwenye ncha ya zulia, nikageuza uso upande, nikakutanisha viganja kifuani. Nikaomba kwa haraka, maana taa ilikuwa inapepesa kwa haraka: Zuwena aje. Kamera ikalia. Ndege ikapita. Nilipoinuka, Mama alikuwa anakagua zulia kama limeshika mafuta. Waliokuwa nyuma yangu waliona mgongo wa mtoto aliyechuchumaa, basi.

Siku ya pili mtu mmoja wa Houston, Mzanzibari, alipitia uwanja wetu akielekea Unguja, na Baba alikuwa amemwomba amchukulie mzigo kwa mkono. Baba alizichukua picha dukani zikiwa na joto bado. Alitoa vile vipande vya filamu ili tusafishiwe nakala zetu baadaye, akakimbia, akamkabidhi yule bwana bahasha yenyewe.

"Hukuzitazama?" Mama akamuuliza jioni.

"Nitazame nini? Mimi si nilikuwapo?"

Bibi hakuwa na simu. Tulipiga kwa jirani yake, Jumamosi asubuhi kwetu, jioni kwao, kwa miadi. Jumamosi tatu zilipita Bibi akisema mzigo haujamfikia. Ya nne, Mama alishika simu akitabasamu, kisha tabasamu likabaki usoni bila kitu nyuma yake.

"Nani kapiga magoti?" alisema. "Hakuna mtu... Mama, nisikilize... Hasha! Hasha, Mama, wallahi." Akasikiliza muda mrefu. "Kanisa gani? Hapa hatuna hata jirani wa..." Akanyamaza, kwa sababu tulikuwa naye.

Baba alikuwa ameshafungua droo. Alikwenda kwenye dirisha la jikoni akainua kipande cha filamu dhidi ya mwanga, na mimi nikasimama chini ya mkono wake nikaona. Rangi zote zilikuwa zimegeuka. Nyuso zetu na buibui la Mama vimekuwa vyeupe. Na pale kona, kitu kidogo kimeinama, viganja viwili vimekutana kama kitabu kilichofungwa.

"Subhanallah," Baba akasema.

Mama aliketi mbele yangu. Hakupandisha sauti, na hilo lilinitisha zaidi.

"Nani kakufundisha?"

Hapa ndipo nilipokosa, na nimekwisha kulipitia kosa hili mara nyingi kuliko mchoro wowote. Ningeweza kusema hakuna. Ningeweza kusema kitabu. Lakini nilidhani ananiuliza ni nani aliyenieleza maana ya watu wale, na kwa swali hilo jibu la kweli lilikuwa moja.

"Mama Neema."

Mama alijitanda akateremka. Nilimfuata hadi kwenye ngazi.

"Mama Zuwena! Ingia, mbona unaongea mlangoni kama msoma mita?"

"Hapa nilipofika panatosha. Mwanangu unamfundisha nini?"

"Nimemfundisha kusonga ugali. Nimemfundisha kukaa akisukwa, hilo limenishinda. Kingine sijui."

"Kupiga magoti na kukutanisha mikono."

Mama Neema aliinua macho. Kisha akaniona juu ya ngazi. "Mimi? Mwanao kaja na kitabu, kaniuliza huyu mtu mdogo ni nani, nikamjibu. Kama kosa ni kujibu, basi mpeleke kwa bubu akamlee."

"Angeniuliza mimi."

"Unakuwapo, mwenzangu? Uko kazini, kama mimi, kama sote." Akaninyooshea kidole. "Miaka miwili nampa chakula, nyama nakwenda kuitafuta ya halali mpaka mji wa Richardson, ili leo uje unifanye mwizi wa watoto?"

Mama aligeuka. Alipopanda ngazi alikuwa analia, na nilijua analia pia kwa ajili ya ile nyama. Kuanzia siku hiyo sikuachwa tena kwa Mama Neema. Nilitoka maktaba kwenda kukaa kwenye ukumbi wa ile nyumba ya wazee, ambako bibi mmoja aliniita kila siku kwa jina la mtu mwingine.

Ilikuwa imebaki miezi miwili viza iishe. Mama na Baba walikubaliana njia moja tu: niongee na Bibi mwenyewe, nimsomee, asikie kwa masikio yake kwamba mtoto hajapotea. Wiki nzima Mama alinisikiliza zile sura fupi za mwisho wa msahafu huku akipika. Nilizisoma bila kosa, na kila nilipomaliza nilikumbuka pindo la joho na herufi zilizogoma. Niliamini kinachotoka ni sauti tu, na kwamba Bibi, akisikiliza vizuri, atagundua kilichokwisha kufutika.

Jumamosi Mama alikwangua kadi ya simu kwa ukucha, akapiga namba ndefu, akasalimia, akanipa mkono wa simu. Yeye akabaki amesimama karibu na sinki, mikono ina povu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Nisomee."

Nikasoma. Sauti yangu ilikuwa inanirudia kwenye waya, nyuma kidogo, kana kwamba kuna mtoto mwingine ananifuatisha.

"Nyingine."

Nikasoma nyingine. Akataka ya tatu.

"Basi," akasema. "Hujasahau kitu." Hofu niliyoibeba tangu siku ya lile pindo ikaniondoka. "Sasa niambie mjukuu wangu, ile mikono ilikuwa ya nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza kuhusu kitabu, na watu wadogo wa kona, na kwamba wanaopiga magoti pale ni wenye haja.

"Manasara, hao?"

"Ndiyo, Bibi. Wakristo wa zamani."

"Na wewe ulikuwa na haja gani?"

"Zuwena aje."

Waya ulivuma.

"Mbona hukuniomba mimi?" Bibi akasema.

"Sikujua unaombwa."

Alicheka, kicheko kifupi kama kikohozi. "Loo. Haya. Mwambie mama yako mimi sina neno. Akate tiketi. Na yule jirani yenu akamtake radhi, mwanamke wa watu. Ngoja, huyu dada yako anavuta simu."

Palikuwa na mchakacho, kisha sauti ya Zuwena, karibu sana, kama amefunika mdomo kwa mkono.

"Mdogo wangu. Mama yupo hapo?"

"Yupo."

"Basi usiseme kitu, sikiliza tu. Bibi haoni. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, hataki nyinyi mjue. Zile picha nilimsimulia mimi, moja moja. Kochi hili, friji hii, gari hilo. Mikono yako angeiona wapi? Nilimwambia mimi."

"Kwa nini?"

"Nimekwambia usiseme kitu. Sitaki kuja. Nimemwambia Mama mara mbili, akacheka, akasema nitazoea. Bibi akisema niende nitakwenda, siwezi kumkatalia. Lakini nyinyi nawajua kwa simu tu. Hapa ndipo kwetu." Akavuta pumzi. "Amekwambia nini sasa hivi? Amekubali?"

Sauti ya mwanamke wa kadi ya simu ikaingia kwa Kiingereza, ikasema imebaki dakika moja. Mama alikuwa anafuta mikono kwenye kanga. Macho yake yalikuwa yamenikazia midomo.

"Anasemaje?" akauliza. "Bibi kasemaje?"

Nilikuwa na neno la Bibi kinywani, zima, kama nilivyopewa. Ningelitoa, wiki chache baadaye mtu angelala juu yangu kwenye kitanda kile, na jioni zangu zingekuwa na mtu wa kugombana naye. Nilikuwa nimepiga magoti kwa ajili ya hilo.

"Bibi haoni," nikasema. "Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Zuwena ndiye anayemsomea kila kitu."

Simu ikakatika yenyewe.

Mama alivuta kiti akaketi. Aliuliza tangu lini, nikasema sijui. Aliuliza kama ni kweli, nikasema Zuwena hasemi uongo. Alichukua mkono wa simu kutoka kwangu akaurudisha mahali pake. Ndege ikapita, na mara ile mimi sikuhama mahali nilipokuwa.

"Basi atakaa amtazame," akasema.

Jumamosi iliyofuata alimwambia Bibi kwamba Zuwena abaki, ndiyo heri. Bibi, ambaye alikuwa ameshamwachia, hakuuliza kwa nini. Nilimsikia Mama akisema ndiyo Mama, nimefikiri, ndiyo. Bibi alifariki akijua ni binti yake aliyeamua. Zuwena ana watoto wanne sasa na tukikutana tunaheshimiana kama wake wa ndugu wawili. Mama, mtu akimuuliza imekuwaje mtoto mmoja akakulia huku na mwingine kule, anajibu bila kusita kwamba ilikuwa ni macho.